Magurudumu ya Barabara ya Jua

Mwezi Mei, katika bonde la kijito cha Avalanche, jimbo la Montana kaskazini-magharibi mwa Marekani, magari hukuta lango limefungwa. Anayetaka kuendelea juu mpaka kwenye kipito cha Logan, kilomita 26 mbele na karibu mita 1,000 kwenda juu, aende kwa miguu au kwa baiskeli. Asubuhi ya mwisho wa juma hapo langoni huwa kama mnadani: watu wanashusha baiskeli, wanajaza upepo, wanafunga makoti kwenye keria. Halafu safari inaanza, na baada ya kilomita chache linatokea jambo ambalo miaka ishirini iliyopita lingewashangaza wote. Bibi mwenye mvi anampita kijana aliyevaa kaptura ya kubana ya mbio. Kijana anahema. Bibi anasalimia na kupotea kwenye kona.

Betri imefungwa kwenye fremu ya baiskeli yake.

Hifadhi ya Taifa ya Glacier ilizikubali rasmi baiskeli za umeme mwaka 2019, pamoja na hifadhi nyingine nyingi za Marekani. Lakini barabara anayopanda bibi yule, Going-to-the-Sun Road, yaani Barabara ya Kuliendea Jua, ilianza kumwandalia njia karibu miaka mia moja kabla, bila waliojenga kujua. Mwinuko wake ulipimwa kwa ajili ya magari dhaifu ya miaka ya 1920. Na ukimya wake wa mwezi Mei ni zawadi ya theluji.

Habari hii inaweza kuanzia mwaka 1895, ambao ulikuwa na mambo mawili yasiyohusiana hata kidogo. Mwezi Septemba mwaka huo, wazee wa Wablackfeet, wenyeji wa asili wa eneo hilo, waliweka saini mkataba wa kuiachia serikali ya Marekani ukanda wa milima upande wa magharibi wa ardhi yao, kwa dola milioni 1.5. Milima hiyo wao huiita Uti wa Mgongo wa Dunia. Mmoja wa wajumbe wa serikali waliokaa nao mezani alikuwa George Bird Grinnell, mhariri na mpenda maumbile, ambaye baadaye alipigania ukanda huohuo ufanywe hifadhi. Wazungu walitarajia kupata shaba na dhahabu. Walichopata hakikutosha hata kulipia mashimo waliyochimba. Wablackfeet kwa upande wao walikuwa wamejiwekea katika mkataba haki ya kuwinda, kuvua na kukata kuni humo maadamu ni ardhi ya umma. Hifadhi ilipotangazwa tarehe 11 Mei 1910, serikali ilisema haki hizo zimekwisha. Wablackfeet hawajakubali hadi leo.

Jambo la pili lilikuja siku ya mwisho ya mwaka uleule. Tarehe 31 Desemba 1895, Ogden Bolton wa Canton, Ohio, alipewa hataza ya baiskeli yenye mota ya umeme ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, ikila umeme wa betri ya volti 10 iliyoning'inizwa kwenye fremu. Ukiitazama michoro yake leo unaitambua mara moja, maana mota ya kitovuni ingali inauzwa madukani. Kilichokosekana kilikuwa betri ya maana. Betri za risasi za wakati ule zilikuwa mzigo wa kumchosha punda, na wazo la Bolton likalala karibu karne nzima. Sony walianza kuuza betri za lithiamu mwaka 1991. Miaka miwili baadaye Yamaha wa Japani wakaleta baiskeli ambayo mota yake humsaidia tu yule anayekanyaga, kwa kadiri anavyokanyaga. Kila baiskeli ya umeme inayopanda Logan leo ni mtoto wa ndoa hiyo.

Baiskeli isiyo na umeme haikungoja betri. Katika Montana hiyohiyo, miezi michache baada ya hataza ya Bolton, jeshi la Marekani lilianza kuijaribu milimani. Kambi ya Fort Missoula, kusini mwa Glacier, ilikuwa na askari Weusi wa Kikosi cha 25 cha miguu, na luteni wao, James Moss, alikuwa na hoja nyepesi kueleza: baiskeli haili majani, haihitaji mtu wa kuilinda usiku, na haikohoi adui akiwa karibu. Kiangazi cha 1896 askari wanane walikwenda naye hadi Yellowstone na kurudi. Picha waliyopigwa huko, wamesimama na baiskeli zao juu ya ngazi nyeupe za chokaa za Mammoth, ni mojawapo ya picha za zamani kabisa za baiskeli ndani ya hifadhi ya taifa. Mwaka uliofuata askari 20 waliondoka Missoula tarehe 14 Juni na kuingia St. Louis tarehe 24 Julai, baada ya kilomita zipatazo 3,000 za matope, mawe, reli na maji mabovu. Jeshi liliwarudisha kwa treni, na jaribio likaishia hapo.

Mmoja wa waliokanyaga safari hiyo alikuwa sajenti Mingo Sanders. Mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt aliwafukuza jeshini askari 167 wa kikosi hicho, Sanders akiwemo, kwa tuhuma za ufyatuaji wa risasi katika mji wa Brownsville, Texas, ambazo hazikuthibitishwa mahakamani. Jeshi liliwasafisha mwaka 1972. Sanders alikuwa amekufa zamani. Watalii wanaokodi baiskeli kwenye milima ya Montana aghalabu hawamjui, na ni hasara yao.

Walioingia Glacier kwa wingi mwanzoni hawakutumia baiskeli. Reli ya Great Northern ilikuwa imekwishavuka milima kupitia kipito cha Marias, kusini mwa eneo la hifadhi, tangu miaka ya 1890, na mkuu wake, Louis Hill, aliona biashara. Alijenga hoteli kubwa za magogo na nyumba ndogo za mapumziko zenye sura ya Uswisi, kisha akawahimiza matajiri wa mashariki waache kukimbilia Ulaya. Mgeni alishuka kwenye treni, akalala hotelini, asubuhi akapandishwa farasi. Kampuni ya Park Saddle Horse, iliyofanya kazi humo kuanzia 1915 hadi 1942, ilifikia kuwa na farasi zaidi ya 1,000. Kuvuka hifadhi kutoka upande mmoja hadi mwingine kulikuwa kazi ya siku kadhaa, na mfuko uliohitajika haukuwa wa mwalimu wala wa fundi seremala.

Gari la Ford ndilo lililovunja mpango huo. Kufikia miaka ya 1920 mwalimu na fundi seremala walikuwa nalo, na wakauliza swali la haki: kama hifadhi ni ya taifa, mbona hatuwezi kuivuka?

Mhandisi George Goodwin alikuwa na jibu tangu 1918. Mchoro wake uliipandisha barabara kwenye bonde la kijito cha Logan kwa kona 15 za kwenda na kurudi, kama kamba za kiatu. Mtaalamu kijana wa mandhari, Thomas Vint, alipinga. Alitaka barabara ichongwe kwenye ubavu wa ukuta wa mawe uitwao Garden Wall, ipande polepole kwa mstari mrefu, na iwe na kona moja tu ya kurudi, ile inayojulikana leo kama The Loop. Ingegharimu zaidi, lakini bonde lingebaki bonde. Mkurugenzi wa idara ya hifadhi, Stephen Mather, alikwenda kujionea mwenyewe mwaka 1924 na akamwunga mkono Vint. Goodwin aliondoka katika idara.

Kupima njia ya Vint aliachiwa Frank Kittredge wa ofisi ya barabara za umma, na aliianza kazi vuli tayari inaingia. Alikuwa na watu 32. Kila asubuhi walipanda mamia ya mita kufika kazini, wakatembea kwenye vibaraza vya mwamba visivyozidi upana wa mguu, na mahali pengine wakashushwa kwa kamba juu ya genge. Watu waliacha kazi kwa kasi ya kutisha: katika miezi mitatu wafanyakazi walibadilika kiasi cha asilimia 300, yaani kila nafasi ilijazwa upya mara tatu. Anayetaka kujua ukubwa wa magenge hayo asisumbuke na picha. Takwimu hiyo inatosha.

Ujenzi wenyewe ulikula maisha ya watu watatu. Handaki la upande wa mashariki, lenye urefu wa mita 124, lilichimbwa bila mashine kubwa kwa sababu hazikuweza kufika. Kifusi kilitolewa kwa mikono. Gari la kwanza lilivuka mwaka 1932, na tarehe 15 Julai 1933 watu zaidi ya 4,000 walikusanyika kwenye kipito cha Logan, mita 2,025 juu ya usawa wa bahari. Ni urefu usiofikia hata nusu ya Kilimanjaro, lakini kwa latitudo ile theluji hulala huko hadi Julai. Wablackfeet, Wakootenai na Waflathead walikuwapo, na sherehe ya amani kati yao ikafanywa mbele ya wageni. Sherehe hiyo huandikwa kwa furaha kila mara. Ni vigumu kuisoma bila kukumbuka mkataba wa 1895.

Mlima uliotoa jina la barabara umesimama upande wa mashariki, juu ya ziwa Saint Mary.

Sasa turudi kwenye mwinuko, maana hapo ndipo bibi wa baiskeli anapoingia. Barabara ilipangwa isizidi asilimia 6: kila mita 100 za mwendo, mita 6 za kupanda. Magari ya wakati ule yalichemsha maji upesi na breki zake zilikuwa za kubahatisha, kwa hiyo wahandisi waliyahurumia. Gari la leo halina haja na huruma hiyo. Miguu ya binadamu inaihitaji bado. Asilimia 6 kwa kilomita nyingi mfululizo ni adhabu, lakini adhabu inayovumilika. Asilimia 10 ingewarudisha wengi nyumbani.

Hesabu yake si ngumu. Mtu na baiskeli yake wakiwa kilo 100, kuwainua mita 1,000 kunahitaji kazi ya wati-saa kama 270, kabla ya kuhesabu upepo, msuguano na joto linalopotelea kwenye mota. Mtu wa kawaida asiye mwanariadha hukanyaga kwa wati 100 hivi akitaka kudumu, na kwa nguvu hiyo peke yake atapanda saa tatu au zaidi bila kupumzika. Betri nyingi za baiskeli za umeme hubeba wati-saa 400 hadi 600. Akisaidiana nayo, anafika na chaji inabaki, mradi asiwe mwoga wa kukanyaga na asisahau kwamba baridi hupunguza uwezo wa betri. Wengi wanaokwama hukwama kwa kuweka msaada wa juu kabisa tangu langoni, kwenye tambarare ya kando ya kijito cha McDonald, ambako hata mtoto hahitaji umeme. Kurudi ni mteremko mtupu, na hapo uzito wa betri unageuka kuwa deni: breki zinapata moto, tairi la mbele linatafuta changarawe, na ng'ambo ya ukingo mfupi wa mawe kuna hewa tupu.

Na ukimya? Hapo kuna hadithi ya theluji. Barabara haifunguliwi majira ya baridi. Kila mwaka, mwanzoni mwa Aprili hivi, vikosi vya matingatinga na mashine za kupuliza theluji huanza kuifukua kutoka pande zote mbili, vikipigana na maporomoko yaliyoifunika. Karibu na kipito, upande wa mashariki, kuna lundo liitwalo Big Drift ambalo miaka mingine hufikia kina cha mita 24. Kazi hii si ya mzaha. Mwezi Mei 1953 poromoko liliwafunika wafanyakazi wa theluji. Wawili walikufa, na mmoja alifukuliwa akiwa hai baada ya saa nyingi chini ya theluji.

Kufukua huku huchukua wiki kama kumi, na mara nyingi kipito hakifunguliwi kwa magari kabla ya mwisho wa Juni. Katikati ya hapo, sehemu za chini huwa safi lakini juu bado kuna hatari. Magari hayana pa kwenda, kwa hiyo hayaruhusiwi. Wenye baiskeli wanaruhusiwa kwenda mpaka mahali pa usalama siku za kazi, na mbele zaidi jioni na mwisho wa juma mashine zinapopumzika. Hivyo ndivyo msimu wa baiskeli ulivyozaliwa. Haukutokana na kampeni ya watu wa baiskeli, na baadaye ndipo hifadhi ilipoanza kuuhudumia kwa mabasi ya bure yenye matela ya kubebea baiskeli.

Magari yanapoingia, mambo hubadilika. Mwaka 1911 hifadhi ilipokea wageni wapatao 4,000. Mwaka 2017 walizidi milioni 3.3, na mwaka 2021 uongozi ulilazimika kuanza kujaribu tiketi za gari za kuweka mapema. Mwenye baiskeli anayepanda kwa kilomita 10 kwa saa kwenye barabara nyembamba huvuta nyuma yake msururu wa magari kama bwana harusi. Ndiyo maana kwa miaka mingi baiskeli zimepigwa marufuku kwenye baadhi ya vipande vya upande wa magharibi wakati wa kiangazi, kuanzia saa 5 asubuhi hadi saa 10 jioni. Mtu angedhani kwamba umeme, unaoongeza kasi ya kupanda, ungeiondoa sheria hii. Sheria haikuangalia betri: baiskeli ni baiskeli.

Swali la kama kweli ni baiskeli ndilo lililoleta ugomvi. Tarehe 29 Agosti 2019, waziri wa mambo ya ndani wa Marekani, David Bernhardt, alitoa amri nambari 3376, akitaka baiskeli za umeme zenye mota isiyofika wati 750 zihesabiwe kama baiskeli za kawaida kwenye ardhi zilizo chini ya wizara yake. Zilipangwa katika madaraja matatu. La kwanza husaidia tu unapokanyaga, na huacha kusaidia ukifika kilomita 32 kwa saa. La pili lina mkono wa kuzungusha kama wa bodaboda, na laweza kwenda bila kukanyaga, kwa kikomo hichohicho. La tatu linarudi kwenye kukanyaga, ila kikomo ni kilomita 45. Hifadhi zilipewa siku 30 tu kujipanga.

Wapinzani walisema siku 30 hazitoshi hata kuchapisha vibao. Shirika la PEER, linalowatetea watumishi wa umma wa sekta ya mazingira, lilikwenda mahakamani Desemba mwaka huo. Kanuni kamili ilitoka mwishoni mwa 2020, na mwezi Mei 2022 jaji Rudolph Contreras wa Washington aliamua kwamba idara ya hifadhi ilikiuka sheria kwa kutochunguza kwanza athari za kimazingira. Hakuifuta kanuni, lakini aliirudisha idara mezani ifanye uchunguzi uliorukwa.

Katika kanuni hiyo kuna sentensi moja inayowahusu hasa watu wa lango la Avalanche: mahali ambapo magari ya umma hayaruhusiwi, hairuhusiwi kwenda kwa mota peke yake kwa muda mrefu bila kukanyaga. Kwa hiyo bibi wetu wa mwezi Mei anapaswa kukanyaga. Ile ya kuzungusha mkono na kukaa kama mfalme inangoja siku lango litakapofunguliwa.

Hoja iliyosikika kwa uzito zaidi huko Montana ilikuwa ya dubu. Chombo cha haraka kisicho na sauti kinamkuta dubu wa grizzly kabla hajasikia, na grizzly akishtushwa hujitetea. Mwezi Juni 2016, ofisa wa idara ya misitu aliyekuwa nje ya kazi alimgonga dubu kwa baiskeli ya kawaida kwenye njia ya msituni nje kidogo ya hifadhi, akauawa. Si umeme uliosababisha, bali kasi kwenye kona isiyoonekana. Lakini umeme humpa kasi hiyo mtu yeyote, hata kwenye mwinuko. Glacier iliepuka sehemu kubwa ya ugomvi huu kwa sababu ya uamuzi wa zamani: njia zake za miguu, isipokuwa vipande vichache, zimefungwa kwa baiskeli za kila aina. Kwingineko watu waligombania njia za udongo. Hapa umeme ulibaki juu ya lami. Ni uamuzi mzuri, na wanaoomba njia za juu zifunguliwe wanastahili kukataliwa kwa upole.

Wenye shaka kwamba umeme na barabara hii ya kihistoria vinaweza kukaa pamoja wayatazame mabasi mekundu yanayobeba watalii humo. Kampuni ya White ilitengeneza 33 ya Glacier kati ya 1936 na 1939, yenye paa la turubai la kukunja, na madereva wake waliitwa "jammers" kwa jinsi walivyosigina gia. Mwaka 1999 yaliondolewa barabarani baada ya nyufa kuonekana kwenye vyuma vyake. Ford waliyatengeneza, yakarudi 2002, na miaka ya karibuni yameanza kuwekewa injini mseto za petroli na umeme. Ukiwa kwenye kona ya The Loop huwezi kulitofautisha na lile la babu yako, ila kwa sauti.

Ukipanga kwenda, Mei na Juni ndiyo miezi yake. Beba dawa ya kupulizia dubu mahali mkono unapofika, si ndani ya begi; vaa glavu hata kama langoni kuna jua; jaza betri usiku uliotangulia, kwa sababu huko juu hakuna soketi. Piga kengele kwenye kona. Na ukikuta barabara tayari imefunguliwa kwa magari, ondoka alfajiri: saa 5 asubuhi ikigonga, unatakiwa uwe umekwishafika kipitoni.